Mafao ya Nyumbani kwenye Ritani Iliyochelewa: Mwongozo kwa Walioko Marekani

Kama unaishi Marekani kwa grini kadi au kwa uraia, na miaka michache iliyopita ulilipwa mafao ya NSSF au PSSSF ya Tanzania, au ulitoa akiba yako kwenye mfuko wa pensheni wa Kenya, na malipo hayo hayaonekani kwenye ritani yako yoyote ya kodi ya Marekani, mwongozo huu ni wako. Ni wako pia ukiwa raia wa Marekani uliyekwisha kurudi Mombasa au Nakuru na hujapeleka ritani tangu ulipoondoka Minneapolis. Wengi mmeliweka jambo hili kando kwa hofu, na hofu hiyo mara nyingi inalipita deni lenyewe. Lakini deni la kodi haliozi likiachwa. Kwa mwaka ambao ritani haikupelekwa kabisa, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haina ukomo wa muda wa kukudai. Ile miaka 3 ya kawaida ya ukaguzi huanza kuhesabiwa ritani inapopelekwa, si kabla ya hapo.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema, maana ndio utakaokuongoza hata ukisahau mengine. Fedha hizo zirudishe kwenye mwaka ule ule ulipolipwa, usizisogeze hadi mwaka huu. Na kabla hujatuma bahasha ya kwanza, amua unarudi kwa njia ipi. Watu huumia hapo: mtu anashikwa na wasiwasi, anatuma ritani moja iliyorekebishwa haraka haraka, kisha anagundua kwamba palikuwa na njia nyingine iliyomfaa zaidi na sasa amejifungia mlango.

Kwa nini Marekani inaitoza

Marekani huwatoza raia wake na wenye grini kadi kodi kwa mapato yao ya dunia nzima, popote wanapoishi. Mwenye viza naye huingia humo akifikisha siku 183 kwa hesabu maalumu: siku zote alizokuwa Marekani mwaka huu, jumlisha theluthi ya siku za mwaka jana, jumlisha sehemu ya sita ya siku za mwaka juzi, mradi za mwaka huu zisipungue 31. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hahesabiwi siku zake katika miaka 5 ya mwanzo.

Ukikaa na Waafrika Mashariki wa huko utasikia maneno matatu ya kutiana moyo. La kwanza: fedha haikuingia Marekani, ililipwa kwenye akaunti ya Dar es Salaam ikaishia kwenye msingi wa nyumba Kigamboni. Hilo halisaidii. Kodi hii inamfuata mtu, haifuati fedha. Hata kama mafao yalipitia akaunti ya kaka yako kwa niaba yako, mwenye mapato ni wewe.

La pili ni kwamba nyumbani mafao hayo hayatozwi, au yalikwisha kukatwa kodi. Msamaha wa Tanzania au wa Kenya hauifungi Marekani isipokuwa pawe na mkataba wa kodi kati yao, na mkataba huo haupo. Barani Afrika, Marekani ina mikataba ya kodi ya mapato na Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo, na Oman nayo haimo. Aliyefanya kazi Uingereza au Kanada kabla ya kuhamia Marekani ana mkataba wa kuusoma, na ausome kabla ya kujaza chochote, kwa sababu vifungu vya pensheni vinaweza kubadili jibu lote. Kuna pia wanaodhani kwamba NSSF, kwa kuwa ni hifadhi ya jamii, itapata nafuu ile ile wanayopewa wastaafu wa Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ambao sehemu ya malipo yao huweza kusamehewa. Msimamo wa IRS uko wazi: mafao ya hifadhi ya jamii ya nchi nyingine huhesabiwa kama pensheni ya nje, na nafuu hiyo haiyagusi bila mkataba.

Neno la tatu ndilo lenye uzito: hii ni jasho langu la miaka ya kabla sijaja huku, Marekani inadai nini hapo? Ni swali la haki, na jibu lake lina pande mbili.

Tarehe, kisha makato

Upande wa kwanza ni tarehe ya malipo. Mapato ya pensheni huhesabiwa katika mwaka ulioyapokea, si katika miaka uliyoyachangia. Kama ulilipwa kabla ya siku ya kwanza ya kuwa mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi, fedha hizo ziko nje ya kodi ya Marekani na hudaiwi chochote juu yake. Kwa aliyeshinda bahati nasibu ya viza, siku hiyo kwa kawaida ni ile aliyotua Marekani kama mkazi wa kudumu. Aliyelipwa Machi akatua Julai yuko salama kwa malipo ya Machi. Ritani ya mwaka huo huwa ya hadhi mbili, sehemu ya mgeni na sehemu ya mkazi, na malipo ya Machi huangukia upande wa mgeni. Kwa hiyo, kabla hujajitia kwenye toba, chukua hati ya malipo na pasipoti uziweke mezani. Wapo waliobeba mzigo wa miaka kwa malipo ambayo hayakuwa na kodi hata senti moja. Na kama una ndugu anayejiandaa kuhamia Marekani na ana haki ya kutoa mafao yake leo, mwambie suala hili mapema, maana wiki chache zinaweza kuwa na thamani kubwa.

Upande wa pili ni kama michango yenyewe ilikwisha kutozwa kodi mahali popote. Sheria ya Marekani huruhusu kupunguza kwenye kodi ile sehemu ya malipo ambayo ni fedha yako mwenyewe iliyokwisha kutozwa. Hapo wengi hujipa nafuu isiyo yao. Kwa mtu aliyechangia alipokuwa bado mgeni kwa Marekani, kifungu cha 72(w) cha sheria hiyo kinasema hivi: mchango ambao haukutozwa kodi na Marekani wala na nchi nyingine, na ambao ungetozwa kama angepewa taslimu, hauhesabiwi kuwa umekwisha kutozwa. Tanzania makato ya NSSF, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Ndivyo ilivyo kwa PSSSF pia, asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Mchango wako haukutozwa kodi, wa mwajiri haukutozwa, faida ya mfuko nayo haikutozwa mikononi mwako. Matokeo yake ni kwamba mkupuo wako wote, au karibu wote, unatozwa Marekani. Inauma, lakini ni afadhali uisikie hapa kuliko kwenye barua ya IRS.

Kenya hali inaweza kuwa tofauti kidogo. Hadi karibu na mwisho wa 2024, mchango uliosamehewa kodi ulikuwa na ukomo wa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ukapandishwa hadi 30,000. Aliyekuwa na mshahara mkubwa akachangia zaidi ya ukomo alilipia PAYE ile ziada, na ziada hiyo anaweza kuiondoa kwenye kodi ya Marekani, ili mradi hati za mshahara zinaonyesha. Aliyepata grini kadi kisha akarudi kufanya kazi nyumbani naye, kwa miaka aliyoripoti mshahara wake wote Marekani, ana sehemu ya kuondoa. Msingi ni karatasi. Usichoweza kukionyesha, usikiondoe.

Kwa hiyo kusanya kwanza, jaza baadaye. Unahitaji barua au hati ya malipo kutoka kwenye mfuko yenye tarehe na kiasi kabla ya makato yoyote, taarifa ya michango ya mwanachama, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia, na kama kodi ilikatwa, uthibitisho wake. Kwa Kenya, cheti cha kodi ya zuio hupatikana kwenye mfumo wa iTax wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kama uko mbali na hati hazitoki kwa barua pepe, mpe ndugu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili aende ofisini kwa niaba yako, na umwambie aombe barua yenye mhuri. Usitegemee picha ya skrini ya simu.

Kuandika kiasi kwenye ritani

Kila kitu kwenye ritani ya Marekani huandikwa kwa dola. IRS haina kiwango rasmi cha kubadilishia fedha. Inakubali kiwango chochote kilichotangazwa hadharani mradi unakitumia bila kuyumba. Kwa mkupuo uliolipwa siku moja, kiwango cha siku hiyo kutoka Benki Kuu ya Tanzania au ya Kenya ndicho kinachoeleweka zaidi. Kwa pensheni ya kila mwezi, wastani wa mwaka unatosha. Chapisha ukurasa wa kiwango hicho uuweke pamoja na hati zako.

Malipo haya huingia kwenye mistari ya pensheni ya Fomu 1040, si kwenye mapato mengineyo na si kwenye mishahara. Anayechelewa lazima atumie fomu ya mwaka husika, na mistari imehamahama. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2020 ni 5a na 5b. Mwaka 2019 ilikuwa 4c na 4d, mwaka 2018 ilikuwa 4a na 4b, na kabla ya hapo, kwenye ile 1040 ndefu ya zamani, 16a na 16b. Kama kiasi chote kinatozwa, kiandike kwenye mstari wa pili peke yake, wa kwanza uuache wazi. Kama sehemu tu inatozwa, jumla iende wa kwanza na sehemu inayotozwa iende wa pili.

Programu za kodi zitakusumbua hapa, kwa sababu zinasubiri Fomu 1099-R yenye namba ya mlipaji wa Kimarekani, na mfuko wa Dodoma au Nairobi hauna namba hiyo. Usibuni namba. Tafuta sehemu ya pensheni ya nje isiyo na fomu. Ikikosekana, chapisha ritani uitume kwa posta. Ritani za kielektroniki hupokelewa kwa mwaka wa sasa na miaka miwili iliyotangulia tu, kwa hiyo za zamani zaidi lazima ziwe za karatasi. Kila mwaka uweke kwenye bahasha yake, utie sahihi kwa wino, utume kwa njia yenye risiti ya kupokelewa.

Kodi iliyokatwa Kenya unaweza kuidai kama punguzo kwa Fomu 1116, hadi kufikia kiasi cha kodi ya Marekani juu ya mapato yale yale. Aliyetoa akiba mapema kabla ya kustaafu, akakatwa kodi na KRA, anaweza kukuta deni lake la Marekani limepungua sana au limekwisha. Punguzo hili halipotei kwa sababu umechelewa, na hata muda wa kudai marejesho yanayotokana nalo ni miaka 10. Kitu usichoweza kutumia ni ule msamaha wa Fomu 2555 kwa wanaofanya kazi nje. Huo ni wa mshahara, pensheni haimo. Wala huwezi kuuhamishia mkupuo huo kwenye akaunti ya IRA ili kuahirisha kodi. Kwa upande mwingine, ile asilimia 10 ya adhabu ya kutoa mapema, inayowatisha watu wenye 401(k), imewekwa kwa mifuko iliyoidhinishwa Marekani, na kwa kawaida haiugusi mfuko wa nyumbani.

Tuweke hesabu. Chukulia ulikuja na grini kadi 2017, hujaoa, mshahara wako wa 2021 ulikuwa dola 45,000, na mwaka huo ulilipwa mkupuo wa shilingi milioni 46 za Tanzania. Kwa shilingi 2,300 kwa dola, ni dola 20,000. Ukitoa makato ya kawaida ya mwaka huo, dola 12,550, mshahara wako uliotozwa ulikuwa 32,450. Ngazi ya asilimia 12 iliishia dola 40,525, kwa hiyo dola 8,075 za mwanzo za mkupuo zinatozwa 12 na 11,925 zilizobaki zinatozwa 22. Kodi ya ziada ni kama dola 3,593. Si fedha ndogo, lakini pia si kiasi cha kumfanya mtu akimbie nchi.

Kinachobadilika ni kilichoongezeka juu yake. Kama ritani ya 2021 uliipeleka kwa wakati ukaacha mafao tu, na sasa unairekebisha kwa Fomu 1040-X kabla IRS haijakuandikia, kwa kawaida utalipa kodi hiyo na riba. Adhabu ya asilimia 20 kwa ritani isiyo sahihi huondoka pale mtu anaporekebisha mwenyewe mapema, isipokuwa pawe na udanganyifu. Kama ritani hukuipeleka kabisa, kuna adhabu ya kuchelewa kuipeleka na adhabu ya kuchelewa kulipa, na zote mbili zikifika kileleni huwa asilimia 47.5 ya kodi isiyolipwa. Kwa mfano wetu ni kama dola 1,706 zaidi, achilia mbali riba, ambayo ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka kuanzia Oktoba 2023 hadi mwisho wa 2024, na 7 mwaka 2025. Aliyekuwa na rekodi safi kwa miaka 3 iliyotangulia anaweza kuomba adhabu ya mwaka mmoja iondolewe. Omba. Ni nafuu iliyowekwa, na hutolewa kwa wanaoiomba.

Madhara mengine hujificha kwenye ruzuku. Dola 20,000 zaidi kwenye mapato ya mwaka mmoja huweza kupunguza au kufuta punguzo la wafanyakazi wa kipato cha chini, na ruzuku ya bima ya afya iliyonunuliwa sokoni hukokotolewa upya kwenye Fomu 8962. Familia yenye watoto inaweza kukuta kwamba ruzuku iliyorudishwa inaizidi kodi ya mafao yenyewe. Ikokotoe ritani nzima, usikokotoe mstari mmoja. Na usisahau jimbo: Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya mtu binafsi, lakini Minnesota, California na Massachusetts zinayo, na kila moja itataka marekebisho yake.

Akaunti iliyopokea fedha

Kodi ni nusu ya suala. Nusu ya pili ni taarifa za akaunti, na hapo ndipo adhabu zinapokuwa kali kuliko kodi. Raia au mkazi wa Marekani ambaye akaunti zake zote za nje, zikijumlishwa, zilizidi dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, lazima apeleke FBAR, yaani Fomu 114 ya FinCEN. Haiambatishwi kwenye ritani. Hupelekwa peke yake kwa mtandao, tarehe yake ni 15 Aprili, na huongezwa hadi 15 Oktoba bila kuomba. Mkupuo wa mfano wetu ulipoingia Dar es Salaam ulivuka kiwango siku hiyo hiyo, hata kama kesho yake ulitoka kununua saruji. Hesabu pia akaunti ya pamoja na mke au mume aliye nyumbani, na akaunti ya mama yako ambayo wewe ni mtia sahihi, ingawa fedha si zako.

Fomu 8938 ni nyingine tena. Inaambatishwa kwenye ritani, na kwa asiye na ndoa anayeishi Marekani huanza mali za fedha za nje zikizidi dola 50,000 mwisho wa mwaka au 75,000 wakati wowote. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja viwango ni mara mbili, na kwa wanaoishi nje ya Marekani ni vikubwa zaidi. Haki yako ndani ya mfumo wa hifadhi ya jamii wa serikali haihesabiwi kwenye fomu hii. Mfuko wa mwajiri au wa binafsi unahesabiwa.

Kwenye Jedwali B la ritani kuna swali fupi: je, una akaunti nchi ya nje? Lijibu kwa ukweli kwenye kila ritani unayoirudia. Kisanduku cha hapana kilichowekwa alama na mtu aliyejua ana akaunti kimetumika mahakamani kama ushahidi kwamba kosa lilikuwa la makusudi, na tofauti kati ya makusudi na kutojua ni kubwa mno. Kwa FBAR isiyo ya makusudi, msingi wa adhabu katika sheria ni hadi dola 10,000, na hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Ya makusudi huweza kufika nusu ya salio. Mnamo 28 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alexandru Bittner, Mmarekani aliyekuwa amerudi kwao Romania, iliamua kwamba adhabu ya kutojua huhesabiwa kwa kila taarifa ya mwaka, si kwa kila akaunti. Serikali ilitaka dola milioni 2.72 kwa akaunti 272. Hukumu iliishia dola 50,000 kwa taarifa 5. Kwa mtu mwenye akaunti mbili tatu za nyumbani, uamuzi huo ni ahueni ya kweli.

Kuchagua njia ya kurudi

Sasa ile bahasha ya kwanza. Kama mapato yako yote uliyaripoti na kilichokosekana ni FBAR tu, zipeleke za nyuma kwa mtandao, chagua sababu ya kuchelewa kwenye fomu, na kama IRS haijakuanza, kwa kawaida hapatakuwa na adhabu.

Kama mafao hayakuripotiwa na hukufanya makusudi, tazama mpango unaoitwa Streamlined. Una sura mbili. Wa wanaoishi nje ni wa yule ambaye, katika angalau mwaka mmoja kati ya mitatu ya karibuni, hakuwa na makazi Marekani na alikaa nje siku kamili 330. Hupeleka ritani za miaka 3, FBAR za miaka 6 na Fomu 14653 yenye maelezo yake, analipa kodi na riba, basi. Hakuna adhabu. Kwa raia aliyerudi Mombasa hii ndiyo njia ya kwanza ya kuipima. Wa wanaoishi Marekani hutumia Fomu 14654, huongeza adhabu ya asilimia 5 ya salio la juu la mwisho wa mwaka la mali za nje zisizoripotiwa, na una sharti ambalo huwaangusha wengi: lazima uwe ulikwisha kupeleka ritani za miaka hiyo 3. Aliyeko Columbus na hajawahi kupeleka ritani haruhusiwi kuingia humo. Yeye njia yake ni kupeleka ritani zilizochelewa kama zilivyo, kwa kawaida za miaka 6, na kuomba kupunguziwa adhabu kwa sababu anazoweza kuzithibitisha.

Tazama pia mwaka wa mkupuo. Streamlined hugusa miaka 3 ya karibuni. Kama ulilipwa kabla ya hapo, mpango huo peke yake haufungi mwaka ule, na hilo ni suala la kukaa na mwanasheria. Na kwa mfano wetu wa dola 20,000, aliyepeleka ritani zake kwa wakati anaweza kukuta kwamba 1040-X na FBAR moja vinamgharimu pungufu ya kuingia kwenye mpango wenye adhabu. Ndiyo maana nasisitiza hesabu kabla ya bahasha.

Maelezo utakayoyaandika kwenye fomu hizo yasome mara mbili. Eleza ulivyofikiri wakati ule, nani alikushauri, lini na vipi ulikuja kujua. Usinakili maelezo ya mtu mwingine, usiandike kwamba fedha ilikuwa zawadi ya mzazi, usipunguze kiasi. Unatia sahihi chini ya kiapo. Na kama moyoni unajua kwamba ulificha ukijua, fomu hizi si zako. Muone mwanasheria wa kodi kwanza, kabla ya mhasibu, kwa sababu siri ya mteja na mwanasheria wake ina kinga ambayo mazungumzo na mhasibu hayana katika kesi ya jinai.

Kwa wengine wote, mtaalamu anayefaa ni CPA au wakala aliyesajiliwa na IRS mwenye uzoefu wa pensheni za nje. Muulize waziwazi amewahi kushika ngapi. Anayekujazia kwa malipo lazima awe na namba ya PTIN na atie sahihi yake. Anayekuambia tia wewe, mimi sitokei, muache hapo hapo. Wenye kipato kidogo wana kliniki za kodi ziitwazo LITC zinazosaidia bure au kwa ada ndogo, zikiwemo zinazokusimamia mbele ya IRS. Mishahara yako ya zamani ambayo huna W-2 zake utaipata kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya IRS, hadi miaka 10 nyuma.

Anayejiandaa kuomba uraia ana sababu ya ziada ya kuharakisha. Fomu N-400 huuliza kama unadaiwa kodi iliyopitiliza muda, na afisa anaweza kuomba nakala za ritani. Deni lenye mpango wa malipo unaofuatwa huelezeka mezani, na mwaka mzima usio na ritani huelezeka kwa shida. Kwa hiyo asiye na fedha ya kulipa asisubiri aipate. Peleka ritani, maana adhabu ya kutoipeleka ndiyo inayokimbia kuliko zote, asilimia 5 kwa mwezi, kisha uombe kulipa kidogo kidogo. Kwa deni lisilozidi dola 50,000 pamoja na adhabu na riba, aliyekwisha kupeleka ritani zote huomba kwenye mtandao na huweza kupewa hata miezi 72. Ule mfano wetu wa dola 3,593 ukigawanywa hivyo ni kama dola 50 kwa mwezi kabla ya riba. Ukishatuma, weka nakala ya kila ukurasa, risiti ya posta, barua ya mfuko na ukurasa wa kiwango cha fedha kwenye faili moja, na umwonyeshe mwenzi wako faili hilo lilipo.